Futuhi za Urejesho ni nini hasa, na George Farquhar wa Derry anaingiaje humo?

Ukitaja komedi leo Nairobi au Dar es Salaam, anayekusikiliza atafikiria klipu ya dakika mbili kwenye simu, au mchekeshaji aliyesimama peke yake na maikrofoni. Mwanafunzi wa fasihi akikutana na maneno "futuhi za Urejesho", hudhani kwamba ni vichekesho vya kupitishia muda, na kwamba vimetoka enzi ileile ya Shakespeare kwa kuwa vyote ni vya kale na vya Kiingereza. Dhana zote mbili ni kosa. Akiambiwa kwamba bingwa mmojawapo wa futuhi hizo alikuwa Mwairishi, tena aliyezaliwa miaka 17 baada ya huo Urejesho wenyewe, ndipo anapopotea kabisa. Fundo hili linafunguka, ila lazima tulishike kwa ncha yake.

Kwanza maneno. Futuhi ni tamthilia inayofikisha watu wake mahali pema: waliokusudiwa kuoana wanaoana, mwenye hila anaumbuka, deni linalipwa. Kicheko kimo, lakini si lazima kila ukurasa uchekeshe. Tanzia ni kinyume chake, mwisho wake ni kilio. Ramsa ni kichekesho cha vurugu: watu kujificha chini ya meza, kupigana kwa mito, kukimbizana. Futuhi ya Urejesho inaweza kuazima ramsa kidogo, lakini uti wa mgongo wake ni mazungumzo, watu wenye ndimi kali wakinyang'anyana mapenzi na mali.

Urejesho nao ni tukio la kisiasa. Uingereza iliingia vita vya wenyewe kwa wenyewe mwaka 1642, na mwaka huohuo Bunge likafunga kumbi za maigizo. Mwaka 1649 mfalme Charles wa Kwanza akakatwa kichwa. Mwaka 1660 mwanawe, Charles wa Pili, akarudi kutoka uhamishoni na ufalme ukarejeshwa. Hapo ndipo jina lilipotoka. Kumbi zilikuwa zimefungwa miaka 18. Mtoto aliyezaliwa mwaka wa kufungwa alikuwa mtu mzima kabla ya kuona mchezo wa kulipia ulioruhusiwa na sheria.

Pengo hilo lilibadilisha kazi yenyewe. Enzi ya Shakespeare wanawake hawakuruhusiwa jukwaani, kwa hiyo sehemu zao ziliigizwa na wavulana waliofundishwa tangu udogoni. Baada ya miaka 18 wavulana wale walikuwa wazee wa ndevu, na waliofundishwa baada yao walikuwa wachache mno. Mfalme, ambaye uhamishoni Ufaransa aliwaona wanawake wakiigiza, akaruhusu jambo hilo kwake pia. Sasa umma wa London ukalipa kumwona mwanamke akisema maneno ya mwanamke. Waandishi wakaanza kuwaandikia waigizaji hao wanawake wenye akili, wanaojua wanachotaka na wanaojibu. Ukitaka alama moja ya kuitofautisha futuhi ya Urejesho na ya Shakespeare, shika hiyo.

Ukumbi wenyewe

Usifikirie uwanja wa wazi wenye jua. Kumbi za baada ya 1660 zilikuwa za ndani, zimeezekwa, na mwanga wake ni mishumaa. Mishumaa haikuzimwa mchezo ulipoanza. Mtazamaji alimwona mwigizaji, akawaona na watazamaji wenzake, nao wakamwona yeye. Sehemu ya mbele ya jukwaa ilitokeza hadi karibu na watu wa chini, na kushoto na kulia kwake palikuwa na milango ya kuingilia. Nyuma palikuwa na mbao kubwa zilizochorwa mandhari, zikiteleza kwenye mifereji sakafuni: zikivutwa kando, sebule inageuka kuwa soko mbele ya macho ya watu, bila kufunga pazia.

Jambo hili si la mafundi seremala tu. Tamthilia hizi zimejaa maneno ya kando, yale ambayo mhusika anasema na mwenzake aliyesimama hatua mbili kutoka kwake hayasikii. Ukiyasoma kwenye karatasi yanaonekana ya kitoto. Kwenye jukwaa lile, mwigizaji alipiga hatua moja mbele akawa karibu kugusana na mtu wa benchi la kwanza, akamwambia siri uso kwa uso chini ya mwanga uleule. Wanaoziigiza leo wakiwa ndani ya mwanga mkali na watazamaji gizani huharibu hapo: maneno ya kando yanarushwa hewani kana kwamba mtu anajisemea, na kicheko hakiji.

Bei zake zilikuwa shilingi 4 kwa kibanda cha watu wakubwa, shilingi 2 na peni 6 kwa mabenchi ya chini, shilingi 1 na peni 6 kwa roshani ya kwanza, na shilingi 1 kwa roshani ya juu kabisa. Hiyo ndiyo shilingi iliyokuja kuipa jina shilingi yetu: peni 12 zilifanya shilingi moja, shilingi 20 zilifanya pauni. Kibarua wa shambani alikuwa na bahati akipata shilingi nzima kwa siku, basi hata kiti cha bei ya chini kilimla ujira wa kutwa.

Mwandishi hakulipwa mshahara wala asilimia. Alipewa mapato ya usiku wa tatu, baada ya ukumbi kutoa gharama zake. Mchezo ukifa usiku wa pili, mwandishi anakwenda nyumbani mikono mitupu. Ukidumu sana, aliweza kupewa usiku mwingine mmoja au miwili. Kisha aliuza maandishi kwa mchapishaji mara moja tu, na kuanzia hapo hata kitabu kikichapwa mara 20 yeye haoni kitu. Hesabu hii tuishike, kwa maana ndiyo inayoeleza jinsi mtu aliyejaza kumbi alivyokufa bila akiba.

Mahari iliyogeuzwa

Msomaji wa Kiswahili hujikwaa hapa kuliko popote. Kwetu mali ya ndoa hutoka upande wa mume kwenda upande wa mke. Katika tamthilia hizi inatoka kwa baba wa binti kwenda kwa bwana harusi. Mtu akisema fulani "ana pauni elfu kumi", haelezi mshahara wa binti huyo, anataja fungu atakalokwenda nalo kwa mumewe. Na likishafika linakuwa la mume. Sheria ya Uingereza ya wakati huo ilimpa mume mamlaka juu ya fedha na vitu vya mkewe, isipokuwa pale familia ilipokuwa imeweka mkataba maalumu kabla ya harusi.

Ukilisahau hili, vijana wa futuhi hizi wataonekana wazembe wanaotafuta wachumba kwa kukosa kazi. Ukilikumbuka utaona kwamba kuoa ndiyo kazi. Katika familia zenye ardhi, mwana wa kwanza alirithi shamba na jina. Wadogo zake walipewa adabu nzuri, nguo nzuri, na karibu sifuri. Njia zao zilikuwa kanisa, sheria, jeshi, au binti mwenye fungu.

Talaka nayo haikuwa kama tunavyoijua. Asiwaze mtu kwenda kwa kadhi, au kuomba khului, au hata kufungua shauri mahakamani kama leo. Mahakama ya kanisa iliweza kuwatenganisha mume na mke, kila mmoja alale kwake, lakini hakuna aliyeruhusiwa kuoa au kuolewa tena. Aliyetaka kuwa huru kabisa alihitaji sheria ya Bunge iliyotungwa kwa ajili yake peke yake, gharama ambayo matajiri wachache tu waliimudu. Ndoa mbaya ilikuwa nyumba isiyo na mlango wa kutokea.

Kijana wa Derry

George Farquhar alizaliwa Derry, kaskazini mwa Ireland, karibu mwaka 1677. Mwaka 1689 mji huo ulizingirwa siku 105 katika vita vya wafalme wawili, James wa Pili aliyekuwa amepinduliwa na William wa Tatu aliyempindua. Mwaka 1694 Farquhar aliingia Trinity College, Dublin, kama mwanafunzi wa tabaka la chini, yaani mwenye kupunguziwa ada na badala yake kuwatumikia wenzake walio na fedha. Hakumaliza. Akaingia ukumbi wa Smock Alley kuwa mwigizaji.

Uigizaji wake ulikomeshwa na upanga. Jukwaani hutumika upanga butu. Akiigiza katika tanzia ya mwandishi wa Kiingereza John Dryden kuhusu Mexico, Farquhar alisahau kubadilisha na akaingia na upanga wa kweli. Palipofika pambano, akamjeruhi mwenzake vibaya. Mwenzake alipona, lakini Farquhar hakuigiza tena. Rafiki yake Robert Wilks, mwigizaji aliyezaliwa karibu na Dublin, akamtia moyo aandike. Desemba 1698 tamthilia yake ya kwanza, Love and a Bottle, ilionyeshwa katika ukumbi wa Drury Lane, London, akiwa na miaka 21 hivi.

Hapa tufungue fundo la Uairishi, kwa kuwa watu huchanganya Farquhar na Congreve, mwandishi mwingine wa futuhi hizi. William Congreve alizaliwa Uingereza, katika kijiji cha Bardsey, akakulia na kusomea Ireland. Farquhar alizaliwa na kusoma Ireland, akaandikia London. Wote walipita Trinity College, wote waliandika kwa Kiingereza, na wote walikuwa Waprotestanti, tabaka lililoshika madaraka katika nchi ambayo wengi walikuwa Wakatoliki. Kwa hiyo ukisikia "mwandishi wa Kiairishi wa futuhi za Urejesho", usitegemee kitabu cha lugha ya Kiairishi wala hadithi za vijiji vya huko. Alichokuwa nacho Farquhar ni sikio la mtu aliyetoka pembeni. Katika mchezo wake wa mwisho kuna padri anayejidai Mfaransa, na anayemnasa anamnasa kwa lafudhi: anamsemesha kwa matamshi ya Kiairishi mpaka ulimi unamponyoka. Aliyewahi kutambuliwa ni wa bara au wa pwani kabla hajamaliza salamu atakielewa kisa hicho vizuri sana.

Fundo la tarehe pia tulimalize. Charles wa Pili alikufa 1685. Farquhar aliandika wakati wa William wa Tatu na Malkia Anne. Kwa kalenda, yeye si wa Urejesho. Wanaomweka humo wanafuata ukoo wa sanaa: kumbi zilezile, aina zilezile za wahusika, biashara ileile ya ndoa na mali. Ila hewa ilikuwa imebadilika. Mwaka 1698, mwaka uleule alioanza, kasisi Jeremy Collier alichapisha shambulio kali dhidi ya uchafu na makufuru ya jukwaani, na umma ukaanza kumwunga mkono. Kijana mfuska aliyeshangiliwa mwaka 1675 sasa alitakiwa kutubu kabla ya mshumaa wa mwisho. Waandishi wengi waliitikia kwa kubandika toba isiyoaminika dakika tano za mwisho. Farquhar alitafuta njia nyingine, na kwa maoni yangu ndiyo iliyompa uhai mrefu.

Mafanikio yake makubwa ya kwanza yalikuwa The Constant Couple ya 1699. Ilionyeshwa zaidi ya mara 50 London katika msimu mmoja, idadi iliyokuwa adimu mno, Wilks akiigiza mhusika Sir Harry Wildair. Mwendelezo wake wa 1701 haukufua dafu. Mwaka 1702 akaandika pia insha juu ya futuhi, akisema kwamba kanuni ambazo wahakiki walidai kuzirithi kutoka kwa Aristotle, mchezo ukae mahali pamoja na kwisha kwa siku moja, si sheria kwa mwandishi wa London. Kwake futuhi ni hadithi iliyoundwa vyema ili ibebe ushauri au onyo, kama hekaya za Esopo, na wa kuihukumu ni watu waliokaa ukumbini. Si kusema kwamba alidharau ufundi. Alidharau ufundi unaosahau watu.

Mwaka 1703 alioa mjane aliyekuwa na watoto, Margaret Pemell. Wasimulizi wa karne ile walidai alidanganywa kwamba mama huyo ana mali, na kwamba hakumlaumu hata siku moja. Mwaka 1704 alipata cheo cha luteni katika kikosi cha Earl wa Orrery, akatumwa mikoani kuandikisha askari. Hapo sanaa yake ikapata chakula kipya.

Sarafu mfukoni: The Recruiting Officer

Uingereza ilikuwa vitani Ulaya kugombea urithi wa kiti cha Hispania. Ushindi wa Blenheim, Agosti 1704, ulipandisha fahari, lakini jeshi lilihitaji watu wapya kila mwaka. Njia za kuwapata zilikuwa mbili. Ya kwanza ni hiari: mtu anakubali, anapokea fedha ya malkia, anathibitisha mbele ya hakimu. Ya pili ni nguvu: sheria za wakati huo ziliwaruhusu mahakimu wa eneo kumtia jeshini mwanamume asiye na njia ya kujipatia riziki inayoonekana. Shika neno "inayoonekana".

Farquhar aliandikisha askari Lichfield na Shrewsbury, na tamthilia aliyoiandika kutokana na kazi hiyo, The Recruiting Officer (yaani afisa wa kuandikisha askari), ilionyeshwa Drury Lane tarehe 8 Aprili 1706. Aliitabaruku kwa marafiki wote wanaoizunguka Wrekin, kilima kilicho karibu na Shrewsbury. Kapteni Plume na Sajini Kite wanaingia mjini siku ya soko, ngoma mbele.

Tazama hila ya Kite hatua kwa hatua. Anawapata vijana wawili wa shamba waliolewa pombe aliyowanunulia yeye. Anawaonyesha picha mbili za malkia "zilizozungushiwa dhahabu". Ni sarafu kubwa za dhahabu za zamani, kila moja ikiwa na thamani ya shilingi 23 na peni 6. Mmoja anajaribu kusoma maandishi: Ca-ro-lus. Anauliza ni nini. Kite anamjibu kwamba Carolus ni Kilatini cha Malkia Anne. (Ni Kilatini cha Charles, na sarafu ni ya enzi iliyopita.) Vijana wanafurahi kukutana na msomi. Wanataka kuzinunua, yeye anakataa bei: baina ya marafiki ni zawadi, wekeni mfukoni. Wanaweka. Ndipo Plume anapoingia na Kite anatangaza kwamba hawa ni askari, fedha ya malkia wameshaipokea.

Vijana wanakataa kwa hasira. Sasa inakuja hatua ambayo wasomaji wa haraka huikosa: Plume anajifanya mtetezi wao. Anamkemea Kite, anampiga na kumfukuza, anawaambia wako huru. Kisha, kwa upole wa ndugu mkubwa, anaanza kuzungumzia heshima na safari, na vijana wanatia sahihi kwa hiari yao. Sajini ameweka mtego na kapteni ameondoa hofu. Aliyewahi kuona wapiga debe wawili kituoni, mmoja akimvuta abiria begi na mwenzake akimgombeza na kumpokea abiria yuleyule kwa heshima, ameshauona mpango wenyewe.

Mwishoni kuna kikao cha mahakimu, na majina yao matatu yanatafsirika kuwa Mizani, Kitanga cha mizani na Wasiwasi wa dhamiri. Analetwa mchimba makaa ya mawe. Hakimu mmoja anasema mtu huyu ana kazi, sheria haimgusi. Kite anajibu kwamba hana riziki inayoonekana, kwa sababu anafanya kazi chini ya ardhi. Mstari huo unachekesha, na mtu anaondoka na wanajeshi. Mkewe analia kwamba ana mimba, na akibanwa anaeleza kwamba waliafikiana waitane mume na mke, yeye asiitwe malaya na mwanamume asikamatwe kuwa askari. Hapo ndipo ninapomheshimu Farquhar kuliko wenzake wote: anakuchekesha kwa neno moja la sheria, na papo hapo anakuonyesha anayelipia kicheko.

Silvia, binti wa Hakimu Balance, anavaa suruali, anajiita kijana mhuni, na baba yake bila kumtambua anamkabidhi kwa Plume kama askari. Aliyeigiza Silvia ni Anne Oldfield, binti ambaye, kwa simulizi iliyozoeleka, Farquhar alimsikia akisoma tamthilia kwa sauti ndani ya baa ya Mitre akaona kipaji chake. Akawa mmoja wa waigizaji wakubwa wa karne hiyo. Plume si malaika: ameacha mtoto mjini, na jibu lake ni kuamuru mtoto huyo aandikwe kwenye daftari la kikosi kama askari aliye likizoni. Toba yake mwishoni ni kuacha kazi na kumpa kapteni mwenzake wale askari 20. Inaaminika, maana haijazidi kimo chake.

Nyumba isiyo na mlango: The Beaux' Stratagem

Tamthilia yake ya mwisho, The Beaux' Stratagem (yaani hila ya vijana watanashati), ilifunguliwa tarehe 8 Machi 1707 katika ukumbi wa Haymarket. Vijana wawili wa London, Aimwell na Archer, wametumia pauni 10,000 na wamebakiwa na 200. Wanafika Lichfield wakipokezana: katika mji mmoja huyu ni bwana na yule mtumishi, mji unaofuata wanabadilishana. Lengo ni binti mwenye fungu. Mwenye nyumba ya wageni, Boniface, anashirikiana na wanyang'anyi wa barabarani, naye anawashuku wageni hao kuwa wanyang'anyi wenzake. Jina lake likawa neno la Kiingereza kwa mwenye nyumba ya wageni yeyote, na Lady Bountiful, mjane anayetibu majirani kwa dawa zake, akawa neno kwa mama mkarimu.

Mtumishi Scrub ana maneno machache yanayotosha kueleza shamba zima la Kiingereza. Jumatatu anaendesha gari la farasi, Jumanne analima, Jumatano anafuata mbwa wa kuwindia, Alhamisi anadai kodi kwa wapangaji, Ijumaa anakwenda sokoni, Jumamosi anaandika hati za hakimu, Jumapili anamimina bia. Mtu mmoja, kazi saba. Nani katika nchi zetu hamjui Scrub?

Moyo wa mchezo ni Bibi Sullen, aliyeolewa na mwenye shamba mlevi asiyesema naye. Hampigi. Hawapatani tu, na sheria haikuwa na jina la ugonjwa huo. Farquhar alikuwa amesoma vijitabu vya John Milton vya miaka ya 1640, vilivyodai kwamba kutopatana kwa nafsi ni sababu ya haki ya talaka, na hoja zake, mahali pengine karibu neno kwa neno, amezitia vinywani mwa wahusika. Mwishoni mume na mke wanasimama mbele ya wote na kuulizana: kuna jambo lolote tunalokubaliana? Ndiyo, kuachana. Wanaachana, na hati za fungu la mke, zilizoibwa na mnyang'anyi na kuangukia mikononi mwa Archer, zinamlazimisha Sullen kurudisha mali. Watazamaji wa 1707 walijua kwamba jambo hilo halingewezekana nje ya ukumbi. Wapo wahakiki walioiita kasoro, wakasema mwandishi amekimbia uhalisia. Mimi naona alijua anachofanya: aliwaonyesha sheria wasiyokuwa nayo.

Kuhusu kifo chake, simulizi maarufu inasema Wilks alimkuta mgonjwa darini, akampa sarafu 20 za dhahabu ziitwazo gini, tamthilia ikaandikwa ndani ya wiki sita, na mwandishi akafa usiku wa tatu wa maonyesho huku makofi yakisikika. Usiku wa tatu tuuache, tarehe hazikubali: mchezo ulianza 8 Machi, naye alizikwa St Martin-in-the-Fields tarehe 3 Mei, siku 56 baadaye. Ugonjwa ni wa kweli. Katika chapisho mwenyewe aliandika kwamba ugonjwa ulimzuia kusahihisha makosa, na kwamba mafanikio ya mchezo anayadai zaidi kwa juhudi za Wilks. Mchapishaji Bernard Lintott alimlipa pauni 16, shilingi 2 na peni 6 kwa The Recruiting Officer, na pauni 30 kwa hii ya mwisho. Aliacha mke na mabinti wawili.

Ukitaka kuzisoma

Anza na The Recruiting Officer, si The Constant Couple. Kabla ya kurasa za kwanza chukua karatasi, andika majina, na kando ya kila jina andika vitu vitatu: ana kiasi gani, atarithi nini, na nani ana mamlaka juu yake. Nusu ya mafumbo inaondoka. Soma maneno ya kando kwa sauti ukimtazama mtu. Usiruke utangulizi wa ushairi wala ule wa kufungia, maana mwigizaji aliongea humo na umma kuhusu habari za wiki hiyo, lakini usikwame humo pia. Kosa la kawaida la vikundi vinavyoigiza ni kukata onyesho la mahakimu ili kufupisha muda, kwa sababu wapenzi wakuu hawana mengi humo. Ukilikata, umebaki na harusi tu.

Tamthilia hiyo ilisafiri mbali. Mwaka 1736 ilifungua ukumbi wa Dock Street mjini Charleston, Carolina Kusini. Na tarehe 4 Juni 1789, siku ya kuzaliwa ya mfalme George wa Tatu, iliigizwa Sydney, miezi 16 tu baada ya merikebu za kwanza za wafungwa kutia nanga huko, ikiwa tamthilia ya kwanza ya Kizungu inayojulikana kuigizwa Australia. Waigizaji walikuwa wafungwa. Afisa Watkin Tench, aliyekuwapo, aliandika alichokiona: kibanda cha wafungwa chenye kuta za udongo, yadi tatu au nne za karatasi ya rangi, mishumaa kumi na miwili ya bei ya chini kabisa iliyobandikwa ukutani, na watu 60 waliokuja kushangilia.